Istilahi za Pikipiki za Umeme za Askari: Uhakiki wa Rasimu Moja

Utangulizi

Miezi michache iliyopita niliombwa kuipitia rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa pikipiki ya umeme iliyoundwa kwa ajili ya majeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Rasimu ilikuwa imeandikwa kwa bidii, na sarufi yake kwa jumla haikuwa na kasoro kubwa. Hata hivyo, nilipomaliza kuisoma nilijiuliza swali moja: je, askari atakayekabidhiwa chombo hiki pamoja na kitabu hiki atakwenda doria na kurudi salama? Sikuwa na hakika. Shaka yangu ilitokana na maneno yaliyotumika, kwani chombo chenyewe hakikuwa na lawama.

Sitaitaja ofisi iliyoniletea rasimu hiyo, wala sitamtaja mtafsiri, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu. Makosa niliyoyakuta ni makosa yetu sote tunaofanya kazi ya kutafsiri, na mimi mwenyewe nimekwisha yafanya katika kazi nyingine. Nia ya makala haya ni kuyachambua makosa hayo, kueleza chanzo chake, na kuleta mapendekezo mbele ya walimu, watafsiri na watumishi wa serikali ambao ndio watakaoyatumia au kuyakataa.

Hoja yangu kuu ni moja. Istilahi ya kifaa isiahidi zaidi ya kile ambacho kifaa chenyewe chaweza kutenda. Muuzaji ana ruhusa ya kusifu bidhaa yake. Mtafsiri wa mwongozo hana ruhusa hiyo. Anapochukua neno la kusifu na kuligeuza kuwa istilahi, msomaji wake hulipokea kama ukweli uliothibitishwa, na askari akilipokea hivyo huenda akalilipia kwa damu yake.

Chombo chenyewe

Yafaa kwanza tukifahamu chombo tunachokizungumzia. Pikipiki za umeme si jambo geni tena katika Afrika Mashariki. Mjini Kigali kampuni ya Ampersand ilianza kuzisambaza kwa waendeshaji wa abiria mwaka 2019, na mjini Nairobi bodaboda za umeme zimekwisha zoeleka. Hizo ni za mjini. Zile zinazohusu rasimu yetu zimeundwa kupita mahali pasipo na barabara: kwenye mchanga, mawe, matope na vichaka.

Nchini Marekani kampuni ya Zero Motorcycles ya California ilitoa mwaka 2013 pikipiki iitwayo MMX, iliyoundwa kwa ajili ya vikosi maalumu vya nchi hiyo, yenye betri zinazotolewa na kurudishwa kwa haraka. Mwaka 2014 idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, DARPA, ilitoa fedha za kuunda pikipiki iliyoitwa SilentHawk, yenye mota ya umeme pamoja na injini ndogo ya mafuta ya kuizalishia umeme. Waliounda chombo hicho walisema kwamba kikiendeshwa kwa umeme peke yake sauti yake ni desibeli 55 hivi. Katika vita vya Ukraine, tangu mwaka 2022, askari wa nchi hiyo wametumia pikipiki za umeme za kampuni za asili ya huko, kama vile ELEEK na Delfast, kuwapeleka wadunguaji na wabebaji wa silaha za kupigia vifaru.

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa Afrika Kusini. Mwaka 2021 kampuni ya Cake ya Sweden ilishirikiana na chuo cha wanyamapori kiitwacho Southern African Wildlife College, kilichoko karibu na Hifadhi ya Kruger, kutengeneza pikipiki ya askari wanaopambana na ujangili. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Pikipiki ya petroli husikika kutoka mbali, na jangili akiisikia hukimbia au hujificha na kuvizia. Isitoshe, kupeleka petroli porini ni kazi na gharama, lakini umeme wa jua waweza kupatikana kambini penyewe.

Ni vema pia ikumbukwe kwamba kampuni iliyoshirikiana kuunda SilentHawk, Alta Motors, ilifunga shughuli zake mwaka 2018, na Cake ilitangaza kufilisika mwaka 2024. Makampuni huja na kutoweka, lakini maneno yakishaingia katika lugha hubaki. Kwa hiyo tusikubali chombo hiki kiitwe kwa jina la biashara, kama ambavyo kalamu iliitwa "biki" na wengi wetu tukaridhika.

Jina la chombo

Rasimu ilipendekeza katika utangulizi wake kwamba neno "pikipiki" liachwe, kwa sababu neno hilo lilitokana na mlio wa injini ya petroli, na chombo cha umeme hakina mlio huo. Badala yake ilitaka tuseme "baiskeli-mota ya umeme". Hoja hiyo ina mvuto, lakini siikubali.

Ni kweli kwamba lugha yetu imekuwa na desturi ya kuvipa vyombo majina kwa kufuata milio yake. Pikipiki ni mfano mmoja. Wazee wengine waliita chombo hicho hicho "tukutuku". Askari wa zamani waliita bunduki ya rasharasha "bombom". Lakini neno likishakomaa husahau mlio uliolizaa. Mtoto wa leo anayesema "pikipiki" hafikirii mlio wowote. Anafikiria chombo cha magurudumu mawili kinachokwenda bila kukanyagwa pedali. Tukianza kuyabadili maneno kila chanzo chake kinapotoweka, hatutabaki na lugha. Aidha, "baiskeli-mota" inaweza kumfanya karani wa ununuzi adhani kwamba ni baiskeli ya pedali iliyofungwa mota, nayo ni bidhaa nyingine yenye bei nyingine na sheria nyingine.

Pikipiki ya umeme, basi, ibaki pikipiki ya umeme. Raia wamekwisha amua hivyo bila kutungoja, na uamuzi wao ni mzuri.

Hapa napenda kugusa jambo linalowahusu wenzetu wa mashariki ya Kongo, Burundi na Rwanda. Huko, kwa athari ya Kifaransa, pikipiki huitwa "moto". Neno hilo lina historia yake, wala sina haki ya kulifuta katika mazungumzo ya watu. Lakini katika hati ya usalama inayozungumzia betri zinazoweza kuungua, sentensi kama "zima moto kabla ya kuondoka" itakuwa na maana mbili, na hakuna atakayejua ni ipi. Hati zitakazovuka mpaka zitumie "pikipiki".

"Nje ya barabara"

Kwa aina ya pikipiki inayopita mahali pasipo na barabara, rasimu ilitumia "pikipiki ya nje ya barabara". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, na ubaya wake huonekana mara tu inapoingia katika ofisi ya polisi. Askari wa usalama barabarani anapoandika taarifa kwamba chombo "kilitoka nje ya barabara", anaeleza ajali. Nilikuta katika rasimu sentensi iliyosema kwamba pikipiki hii "imethibitishwa kwenda nje ya barabara kwa kasi kubwa". Mkuu wa kituo akiisoma ataomba kujua majeruhi walikuwa wangapi.

Napendekeza "pikipiki ya pori". Neno "pori" linayo tayari heshima ya kiserikali. Tanzania tunayo mapori ya akiba na mapori tengefu. Linafahamika kwa mwanakijiji na kwa mhifadhi. Huenda mtu akasema kwamba polisi wataitumia pia ufukweni au mlimani, ambako si pori. Ni kweli, lakini istilahi haina budi kuchagua mahali panapotambulisha chombo, hata kama chombo kinafika na kwingine. Tunasema "saa ya mkononi" hata inapokuwa imewekwa mezani.

Suala la ukimya

Nafika sasa kwenye kosa lililonifanya niandike makala haya. Tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, rasimu iliita chombo hiki "pikipiki isiyo na sauti", na mahali pengine "pikipiki ya kimya". Chanzo chake ni lugha ya matangazo ya biashara, ambayo hupenda kuuza ukimya.

Hakuna pikipiki isiyo na sauti. Mota ya umeme ina mvumo wake, ambao hupanda kadiri kasi inavyopanda. Mnyororo hulia. Tairi hukanyaga kokoto na majani makavu, na matawi hukwaruza mavazi ya mwendeshaji. Desibeli 55 zinazotajwa kwa SilentHawk ni karibu sawa na mazungumzo ya kawaida ya watu wawili. Mchana mjini hakuna atakayeyasikia mazungumzo hayo kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini usiku mtulivu wa porini sauti za mazingira zaweza kushuka hadi desibeli 30 au chini yake, na mtu anayesikiliza kwa makini atayasikia.

Kipimo cha desibeli chenyewe kinahitaji maelezo ambayo rasimu haikuyatoa. Hakihesabiwi kama mita au kilo. Kila zinapoongezeka desibeli 10, ukali wa sauti huwa umezidi mara kumi. Kwa hiyo sauti ya desibeli 55 ina ukali wa mara mia kadhaa kuliko sauti ya desibeli 30. Kinachomwokoa askari ni umbali: mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Askari aliyeambiwa kwamba pikipiki yake "haina sauti" hana sababu ya kuupima umbali huo. Ataisogeza hadi karibu kabisa na kambi ya majangili wenye bunduki. Askari aliyeambiwa kwamba ina "sauti hafifu" atajiuliza: hafifu kwa umbali gani? Swali hilo ndilo litakalomfanya aiache pikipiki mahali panapofaa na kumalizia kwa miguu.

Ukimya una upande wa pili, ambao rasimu iliupita kabisa. Chombo kisichosikika vizuri ni hatari kwa wapita njia na hata kwa askari wenzake mwendeshaji. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umelazimisha magari yote mapya ya umeme, tangu Julai 2021, yatoe sauti ya kuwatahadharisha watu yanapokwenda polepole. Amri hiyo haikuzigusa pikipiki, lakini hatari ni ile ile. Polisi anayepita sokoni kwa pikipiki ya sauti hafifu hana budi kujua kwamba mama aliyempa mgongo hatamsikia.

Napendekeza basi "pikipiki ya sauti hafifu", na neno "kimya" liondolewe katika hati yote.

Mzigo wa neno "nguvu"

Katika ukurasa mmoja wa rasimu nilihesabu maana tano za neno "nguvu". Kulikuwa na nguvu ya mota, nguvu ya betri, nguvu ya volti, nguvu ya kuzungusha gurudumu, na mwishoni nguvu za jeshi. Neno lililobebeshwa mizigo mitano hatimaye haliwezi kuufikisha hata mmoja.

Tofauti kati ya nguvu na nishati ndiyo inayogusa fedha za umma na maisha ya watu. Nguvu ni kasi ya kufanya kazi, nayo hupimwa kwa wati au kilowati. Nishati ni akiba ya kazi inayoweza kufanywa, nayo hupimwa kwa kilowati-saa. Tuchukue mfano wa pikipiki yenye mota ya kilowati 30 na betri ya kilowati-saa 6. Ikiendeshwa kwa nguvu yake yote bila kupumzika, betri itakwisha katika dakika 12. Ikiendeshwa kwa wastani wa kilowati 3, itadumu kwa saa mbili. Rasimu ilisema kwamba mota ina "nguvu ya 30" na betri ina "nguvu ya 6", bila kutaja vipimo. Mwenye kusoma ataona kwamba betri ni dhaifu kuliko mota, jambo ambalo halina maana yoyote. Na ofisa ununuzi akiwa na zabuni mbili mezani, moja ikitaja kilowati na nyingine kilowati-saa, atalinganisha vitu visivyolingana na kuidhinisha malipo.

Linganisho na petroli litasaidia wasomaji. Lita moja ya petroli ina nishati ya kilowati-saa 9 hivi, lakini injini huigeuza robo yake tu kuwa mwendo. Inayobaki hupotea kama joto. Mota ya umeme hugeuza karibu sehemu tisa katika kumi. Kwa hesabu hiyo, betri ya kilowati-saa 6 inafanya kazi sawa na lita mbili na nusu hivi za petroli. Hiyo ndiyo akiba ya askari. Istilahi zinazochanganya nguvu na nishati zinamficha jambo hili, naye hulitambua akiwa tayari mbali na kambi.

Dawa yake haihitaji neno jipya hata moja. "Nguvu" ibaki kwa kile kinachopimwa kwa kilowati, kwa kuwa tayari tunasema "nguvu za farasi" tukiwa na maana hiyo hiyo. "Nishati" itumike kwa kilowati-saa. "Volteji" ibaki volteji. Kwa kile kinachozungusha gurudumu, walimu wa fizikia wanalo neno "kani", nasi tuseme "kani ya kuzungusha". Hili la mwisho lina umuhimu wake: mota ya umeme huweza kutoa kani kubwa ya kuzungusha tangu chombo kinapoanza kwenda, bila kungoja injini ichanganye. Mwendeshaji aliyezoea petroli akifungua mafuta kwa mazoea, chombo kitaruka naye atabaki chini. Onyo hilo lilikuwamo katika mwongozo wa asili. Katika rasimu liligeuka kuwa sifa: "nguvu ya papo hapo".

"Masafa" na betri "inayobadilika"

Kwa umbali ambao pikipiki inaweza kwenda kabla ya betri kwisha, rasimu ilitumia "masafa". Neno ni zuri na la asili, nami ningelikubali katika hati ya kiraia. Lakini katika hati ya askari "masafa" yana kazi mbili nyingine: masafa ya silaha, na masafa ya redio. Mwongozo una sura ya redio iliyofungwa katika pikipiki, na humo nilikuta sentensi isemayo kwamba "masafa hupungua kwenye vilima". Masafa ya nini? Mafundi wawili niliowaonyesha waliielewa kwa namna mbili, na zote zilikuwa na mantiki.

Waendeshaji wa bodaboda za umeme wamekwisha tupatia jibu. Wanauliza: "Chaji moja inatembea kilomita ngapi?" Tukisema "umbali kwa chaji moja", tunapata istilahi inayoeleweka na isiyogongana na nyingine. Zaidi ya hayo, inamkumbusha mwendeshaji kwamba umbali huo unategemea chaji, nayo huliwa na mzigo, mchanga, mwinuko na kasi. Mwongozo usitaje kamwe tarakimu ya umbali bila kusema imepimwa katika hali gani.

Kuhusu neno "chaji" lenyewe, mahali pawili rasimu ilisema "shtaka la betri". Nadhani sehemu hizo zilipitishwa katika mashine ya kutafsiri, na mashine ilipoona hati ni ya polisi ikachagua neno la mahakamani. Siwakatazi wenzangu kuzitumia mashine hizo. Nawaomba tu wasizikabidhi kazi ambayo hawatairudia kwa macho yao wenyewe.

Kadhalika, betri inayoweza kutolewa na kuwekwa nyingine iliitwa "betri inayobadilika". Kitu kinachobadilika ni kile kinachogeuka chenyewe, kama hali ya hewa. Askari hataki betri ya namna hiyo. Lugha yetu inayo vitenzi viwili vizuri visivyotumiwa vya kutosha, kupachika na kupachua. "Betri ya kupachua" inasema kile hasa mkono utakachofanya.

Maji, joto na moto

Rasimu ilisema kwamba mota na betri "haziingii maji". Hii nayo ni ahadi. Viwango vya kimataifa vya kinga hutumia herufi na tarakimu mbili, ya kwanza ikihusu vumbi na ya pili maji. Tarakimu ya pili ikiwa 7, maana yake ni kwamba kifaa kimejaribiwa ndani ya maji ya kina cha hadi mita moja kwa dakika 30. Hakisemi lolote juu ya mto uliofurika wenye kina cha mita mbili, wala juu ya kifaa ambacho mpira wake umechakaa. "Inayostahimili maji", pamoja na kutaja kiwango, ndiyo istilahi ya kweli.

Mwongozo ulieleza pia kwamba pikipiki hii haionekani kwa urahisi katika darubini za joto, kwa kuwa haina injini wala bomba la moshi lenye moto mkali. Rasimu iliita jambo hilo "kupungua kwa sahihi ya joto". Katika Kiingereza neno la mtu kuandika jina lake kwa mkono hutumika pia kwa alama yoyote inayokitambulisha kitu. Katika Kiswahili sahihi ni ya karani, haina joto. "Dalili ya joto" inatosha. Na tuseme "hafifu", tusiseme "hakuna", maana mota, breki na mwili wa mwendeshaji mwenyewe vyote hutoa joto.

Kosa la mwisho ni zito kupita yote. Betri za lithiamu zina hatari moja inayojulikana. Seli moja ikiharibika, kwa kupigwa au kwa hitilafu ya ndani, hupata joto. Joto hilo huchochea mmenyuko wa kikemikali unaozidisha joto. Seli jirani nazo hushika. Na mwisho wake ni moto mkubwa, moshi wenye sumu, na uwezekano wa kuwaka tena baada ya saa nyingi. Moto huo huhitaji maji mengi sana. Rasimu iliita tukio hilo "joto kukimbia", maneno ambayo mtu wa kawaida ataelewa kuwa joto limeondoka na hatari imekwisha. Mfasiri alifuata umbo la neno la kigeni, akatoa kinyume cha maana yake.

Napendekeza "mfumuko wa joto". Kila mtu anaujua mfumuko wa bei: jambo linaloanza kidogo, likajichochea lenyewe, na kushinda uwezo wa mtu mmoja kulizuia. Picha hiyo ndiyo tunayoihitaji. Aidha, neno "seli" lisitumike peke yake katika hati za polisi, ambako seli ni chumba cha mahabusu. "Seli imeshika moto" ni taarifa ambayo haifai kumfanya ofisa wa zamu akimbilie mlango usiohusika. Tuseme "seli ya betri" kila mara.

Yaliyo mema katika rasimu

Haki inanitaka nitaje pia yaliyofanywa vizuri. Kwa breki inayorudisha nishati katika betri wakati pikipiki inapopunguza mwendo, mtafsiri alibuni "breki rejeshi". Ni neno fupi, linafuata taratibu za uundaji wa maneno, na linaeleweka. Nalipongeza na kuomba liidhinishwe. Vilevile hakuona haya kuyatumia maneno ya gereji kama vile mota, betri, soketi, rimu na shokapu. Fundi atayasoma bila kusimama. Tungeyabadili kwa maneno ya kubuni tungempotezea muda wake na kujionyesha sisi.

Kwa pikipiki inayotumia umeme pamoja na mafuta, rasimu iliyumba kati ya "chotara" na "mseto". Chotara ni wa viumbe: mtu, ng'ombe, mbegu. Kwa chombo tuchague "mseto", kama tunavyosema kilimo mseto na serikali ya mseto.

Muhtasari wa mapendekezo

Neno la rasimu limetangulia, pendekezo linafuata.

1. Baiskeli-mota ya umeme: pikipiki ya umeme.
2. Pikipiki ya nje ya barabara: pikipiki ya pori.
3. Isiyo na sauti, ya kimya: ya sauti hafifu.
4. Nguvu ya betri: nishati ya betri, kwa kilowati-saa.
5. Nguvu ya mota: ibaki hivyo, kwa kilowati.
6. Nguvu ya volti: volteji.
7. Nguvu ya kuzungusha: kani ya kuzungusha.
8. Masafa ya pikipiki: umbali kwa chaji moja.
9. Shtaka la betri: chaji ya betri.
10. Betri inayobadilika: betri ya kupachua.
11. Isiyoingia maji: inayostahimili maji, pamoja na kiwango.
12. Sahihi ya joto: dalili ya joto.
13. Joto kukimbia: mfumuko wa joto.
14. Seli: seli ya betri.
15. Chotara: pikipiki mseto.

Hitimisho

Majeshi yamekuwa mlango mkubwa wa maneno katika Kiswahili. Afande, ombasha na shaushi waliingia na askari wa Kijerumani waliotoka katika mila za jeshi la Kituruki na Kimisri. Koplo na sajini waliingia na Waingereza. Maneno hayo yalijifunzwa uwanjani kwa amri na mazoea, na aliyekosea alisahihishwa papo hapo. Istilahi za leo huingia kwa karatasi. Msomaji wake yuko peke yake na kitabu, pengine usiku, pengine porini, na hakuna wa kumsahihisha.

Kwa sababu hiyo naomba jambo moja la utaratibu. Kabla mwongozo wa aina hii haujapewa idhini, usomwe kwa sauti mbele ya watu watatu: fundi wa pikipiki, mwendeshaji aliyezoea pikipiki za umeme, na askari wa doria. Kila mmoja aulizwe, baada ya kila sura, atafanya nini. Wakijibu sawa na mwongozo wa asili, tafsiri ipite. Wakijibu tofauti, irudi mezani. Kazi hiyo itachukua siku mbili au tatu, na gharama yake ni ndogo.

Mapendekezo niliyoyatoa si ya mwisho. Hasa kuhusu "kani ya kuzungusha" na "mfumuko wa joto", ningependa kusikia kutoka kwa walimu wa fizikia na kwa askari wa zimamoto, ambao huenda wanayo maneno bora kuliko haya.